Siku Thelathini ni za Nani? Historia ya Muda wa Majaribio ya Bure ya Programu za Kompyuta na Funzo Lake kwa Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya muda wa majaribio ya bure ya programu za kompyuta, tangu IBM ilipoanza kuuza programu peke yake mwaka 1970 hadi zama za usajili wa kila mwezi. Inaonesha kwamba vipimo vilivyozoeleka, yaani siku 7, 14, 30, 40 au 60, vilitokana na njia za muuzaji za kusambaza bidhaa na kukusanya malipo, wala havikutokana na muda anaouhitaji mtumiaji ili kuijua programu. Kwa kutumia wilaya ya Rusizi, iliyoko mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makala inapima vipindi hivyo kwa kalenda za kodi, kilimo na shule, na kwa mzigo wa lugha anaoubeba mtumiaji. Hoja kuu ni kwamba muda unaofaa ni ule unaotosha mzunguko mmoja kamili wa kazi, na kwamba urefu wa muda hauna faida iwapo mtumiaji hana haki ya kuondoka na data zake.

Maneno muhimu: programu, kipindi cha majaribio, leseni, Kiswahili, Rusizi

1.0 Utangulizi

Waswahili wana msemo usemao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huu hunukuliwa mara nyingi katika mijadala ya ukarimu na uwajibikaji, lakini ndani yake mna swali la kiuchumi ambalo halijapewa nafasi ya kutosha: nani huamua kwamba muda wa bure umekwisha, na kwa kipimo gani? Katika msemo, mwamuzi ni mwenyeji, na kipimo chake ni siku. Katika biashara ya programu za kompyuta hali ni hiyohiyo. Muuzaji hufungua mlango, humkaribisha mtumiaji aketi na ale bure kwa siku kadhaa, kisha jembe hutolewa kwa sura ya ankara.

Swali hili linaihusu Afrika Mashariki kwa karibu. Ofisi za wilaya, shule, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wadogo hukutana na programu za uhasibu, za kutunza alama na za kusimamia bidhaa kupitia mlango wa majaribio ya bure. Uamuzi wa kununua, ambao baadaye huwafunga kwa miaka, hufanywa ndani ya dirisha hilo. Iwapo dirisha ni jembamba mno, mnunuzi hununua asichokijua. Iwapo ni pana mno na halina mlango wa kutokea, hujikuta amekwisha kuhamia kabla ya kuamua.

Rusizi ni mahali panapofaa kulipimia jambo hili. Wilaya hiyo iliundwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, kutokana na sehemu ya uliokuwa mkoa wa Cyangugu. Iko kusini mwa Ziwa Kivu, mahali mto Rusizi unapoanza safari yake kuelekea Ziwa Tanganyika. Kitovu chake cha biashara, Kamembe, kinatazamana na jiji la Bukavu ng'ambo ya maji, na Kigali iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayopita msitu wa Nyungwe. Rusizi pia ni mmojawapo wa miji sita ambayo serikali ya Rwanda imeiteua kuwa miji ya upili. Hapa Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Mashi hukutana katika soko moja, na mtumiaji wa programu huwa mara nyingi mfanyabiashara ambaye wateja wake wako nchi mbili.

2.0 Bure, huria na majaribio: suala la istilahi

Kabla ya kuingia katika historia ni vyema kutenganisha dhana tatu. Ya kwanza ni programu huria, ambayo msingi wake ni uhuru wa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Dhana hii ilipewa nguvu na Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Ya pili ni programu ya bure, isiyotozwa fedha lakini ambayo huenda haimpi mtumiaji uhuru wowote zaidi ya kuitumia. Ya tatu ni programu ya majaribio, ambayo ni bidhaa ya kuuzwa iliyoondolewa bei kwa muda.

Kiingereza hutumia neno moja kwa uhuru na kwa kutolipa, na jambo hilo limeleta mkanganyiko wa miaka mingi katika fasihi ya fani hii. Kiswahili hakina tatizo hilo. Huria na bure ni maneno mawili yenye asili na mwelekeo tofauti. Zaidi ya hayo, bure hubeba maana ya pili, ile ya jambo lisilo na matokeo, kama mtu anaposema kwamba amehangaika bure. Maana zote mbili zinafaa hapa. Kipindi cha majaribio kinachokwisha kabla mtumiaji hajapata jibu alilolitafuta ni cha bure kwa maana ya kwanza na pia kwa maana ya pili.

Kitendo chenyewe cha kujaribu si kigeni kwa jamii za eneo hili. Kinyarwanda kina neno gusogongera, la kuonja kinywaji kabla ya kukinywa. Katika Kiswahili cha Kongo mnunuzi anaweza kudai matabishi, yaani nyongeza anayopewa baada ya biashara kukamilika. Tofauti ya mazoea haya mawili ina uzito. Kuonja hutangulia uamuzi na lengo lake ni kujua. Nyongeza hufuata uamuzi na lengo lake ni kudumisha uhusiano. Kipindi cha majaribio hutangazwa kama kuonja, lakini historia inaonesha kwamba mara nyingi kimepangwa kwa mantiki ya nyongeza.

3.0 Historia ya kipimo

3.1 Kabla ya saa

Kwa muda mrefu swali la majaribio halikuwapo, kwa kuwa kwa kawaida programu haikuwa na bei yake yenyewe. Kampuni kubwa za kompyuta zilitoa programu pamoja na mashine na huduma. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba ingetenganisha bei hizo, na utaratibu huo ukaanza mwaka uliofuata. Tangu hapo programu ikawa bidhaa, na kila bidhaa huleta swali la namna mnunuzi atakavyoijua kabla ya kuilipia.

Jibu la kwanza lililoenea halikuwa na ukomo wa siku. Mwaka 1982, nchini Marekani, Andrew Fluegelman alitoa programu ya mawasiliano iliyoitwa PC-Talk, akawaruhusu watu wainakili na kupeana, na akawaomba walioridhika wamtumie dola 25. Wakati huohuo Jim Knopf, aliyejulikana pia kwa jina la Jim Button, alisambaza PC-File kwa mtindo unaofanana na huo. Mwaka 1983 Bob Wallace alifuata na PC-Write. Programu zilisafiri kwa disketi na kwa posta, kutoka mkono hadi mkono. Kipindi cha majaribio kilikuwa muda wowote ambao dhamiri ya mtumiaji ingeuvumilia.

Ni rahisi kuusifu mtindo huo kama zama za uaminifu. Hata hivyo sababu yake kubwa ilikuwa ya kiufundi. Mwandishi wa programu hakuwa na namna ya kujua disketi yake imefika wapi, wala lini imefunguliwa. Palipokosekana uwezo wa kuhesabu siku, uaminifu ndio uliobaki kuwa kipimo.

3.2 Saa ndani ya programu

Katika miaka ya 1990 uwezo huo ulipatikana. Programu iliweza kusoma tarehe ya kompyuta, kuitunza mahali pa siri na kukataa kufunguka baada ya siku fulani. Hapo ndipo vipimo vya siku vilipoenea. Kipimo cha siku 30 kilizoeleka kuliko vyote, kwa sababu kilifanana na mwezi wa ankara na mshahara. WinRAR, iliyotoka mwaka 1995, ilichagua siku 40, na ikawa maarufu kwa kuendelea kufanya kazi hata baada ya siku hizo kupita, ikimkumbusha tu mtumiaji kwamba muda wake umekwisha. Katika karne mpya kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na nakala ya majaribio ya Microsoft Office 2007 ya siku 60.

Siku hazikuwa kipimo pekee. Mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, ulitolewa kwa sehemu: sura ya kwanza ilikuwa ya bure bila ukomo wa muda, na zilizobaki zilinunuliwa. Office XP ya mwaka 2001 iliruhusu kufunguliwa mara 50 kabla ya mtumiaji kulazimika kuiamilisha, ilhali Windows XP ya mwaka huohuo ilihesabu siku 30 kwa jambo hilohilo. Mfano wa mwisho una thamani ya pekee. Katika mwaka mmoja, kampuni moja ilitumia vipimo viwili tofauti, kimoja cha kalenda na kingine cha matumizi. Kwa hiyo hoja kwamba siku ndiyo njia pekee inayowezekana kiufundi haina msingi wa kihistoria.

3.3 Kadi na usajili

Badiliko la tatu lilikuja na programu zinazoendeshwa kwenye seva za mbali na kulipiwa kila mwezi. Mwezi Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za ubunifu yangepatikana kwa usajili. Kipindi chake cha majaribio, kilichokuwa siku 30, baadaye kilishuka hadi siku 7. Katika mtindo huu mtumiaji mara nyingi huombwa namba ya kadi ya benki mwanzoni, na siku zinapokwisha malipo hukatwa yenyewe asipojiondoa. Mantiki ya muda imegeuka. Zamani aliyenyamaza hakulipa. Sasa aliyenyamaza ndiye anayelipa.

Hatua hizi tatu zikitazamwa pamoja, mkondo mmoja unajitokeza. Posta na disketi zilizaa muda usio na ukomo, saa ya kompyuta ikazaa mwezi, na seva pamoja na kadi zikazaa wiki. Kila mara kipimo kilifuata uwezo wa muuzaji wa kuhesabu na kukusanya. Muda anaouhitaji mtu ili ajifunze kazi mpya haukuongozwa na mabadiliko hayo, nao haujapungua kwa kasi hiyo.

4.0 Majaribio mawili ya Afrika Mashariki

Kanda hii ina mifano yake yenyewe. Wa kwanza ni mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa kutoka Sweden, ambao mwezi Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wenye kiolesura cha Kiswahili. Ilikuwa programu huria: haikuwa na siku ya mwisho, wala haikudai kadi. Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Office na Windows. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua akiongozwa na amri za Kiswahili.

Funzo la Kilinux si kwamba kuondoa ukomo wa muda kunatosha. Programu hubadilika kila toleo, na tafsiri isiyofuatwa huzeeka. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, LibreOffice ilipozaliwa, na kila tawi likahitaji watafsiri wake. Bure isiyo na mlezi ina ukomo wake, ingawa haukuandikwa popote.

Mfano wa pili ni M-PESA. Majaribio yake yalianza Kenya mwezi Oktoba 2005 kwa wateja wasiozidi 500, wakishirikishwa kupitia taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Huduma ilibuniwa ili wateja walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Katika miezi ya majaribio wateja waligundua matumizi mengine: walitumiana fedha wao kwa wao na walihifadhi fedha safarini. Kwa upande wa taasisi ya mikopo, mfumo ulikuwa mgumu kuoanishwa na hesabu zake. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, si ya kulipa mikopo.

Ni wazi kwamba jaribio la mtoa huduma si sawa na kipindi cha bure cha mnunuzi. Hata hivyo mfano huu unaonesha kile ambacho muda hufanya. Matumizi halisi ya chombo kipya hayaonekani katika wiki ya kwanza, ambapo mtu hufuata maelekezo. Huonekana pale anapoacha kuyafuata na kukilazimisha chombo kifanye kazi ya maisha yake. Kama wabunifu wa M-PESA wangepima siku saba tu, wangejifunza kwamba watu wanaweza kubonyeza vitufe vinavyotakiwa, na wasingejifunza bidhaa yao ilikuwa ni nini.

5.0 Kalenda za Rusizi

5.1 Kalenda ya kodi

Nchini Rwanda mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huwasilisha taarifa ya mwezi kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wale ambao mauzo yao ya mwaka hayazidi faranga milioni 200 wanaruhusiwa kuwasilisha kwa robo mwaka. Mfanyabiashara wa Kamembe anayejaribu programu ya uhasibu ana swali moja kubwa: je, hesabu itakayotoka ndiyo itakayokubaliwa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda?

Hesabu ya siku inajieleza yenyewe. Akianza majaribio ya siku 30 tarehe 10 Machi, programu itafungwa tarehe 8 Aprili, wiki moja kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya Machi, tena ikiwa na mauzo ya sehemu tu ya mwezi huo. Ili aone mwezi mmoja kamili, tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha, anahitaji kati ya siku 43 na 76, kutegemea tarehe aliyoanzia. Idadi ndogo kabisa hupatikana tu akianza tarehe 1 Februari katika mwaka usio mrefu. Anayewasilisha kwa robo mwaka anahitaji siku zisizopungua 105. Hakuna siku ya mwaka ambayo akiianzia majaribio ya siku 30, muda utamfikisha kwenye siku hiyo ya mwisho. Majaribio ya siku 7 hayamfikishi hata kwenye nusu ya mwezi.

5.2 Kalenda ya shamba na shule

Katika bonde la Bugarama, kusini mwa wilaya, hulimwa mpunga kwa misimu miwili kwa mwaka. Kwa kalenda ya kilimo ya Rwanda, msimu A huanza Septemba na msimu B huanza baada ya mavuno yake, karibu na Machi. Chama cha ushirika kinachotaka kujaribu programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama kinapaswa kuiona ikipitia mbegu na mbolea zinazotolewa, siku za kazi, mavuno yanayopimwa, makato na malipo. Huo ni mzunguko wa miezi mitano hadi sita. Programu iliyojaribiwa kwa mwezi mmoja wakati wa kupanda itaona mikopo ikitoka, lakini haitaona mavuno yakirudi. Ugomvi katika ushirika huzuka siku ya malipo, si siku ya kugawa mbegu.

Shule nayo ina kipimo chake, ambacho ni muhula. Programu ya kutunza alama haijulikani ubora wake hadi itoe ripoti ya mwisho wa muhula, takribani miezi mitatu baada ya kuanza. Mwaka 2020 ulionesha vizuri jinsi kalenda ya muuzaji inavyoweza kupishana na ya shule. Shule za Rwanda zilifungwa katikati ya Machi. Kampuni ya Google ilifungua bila malipo baadhi ya huduma za kulipiwa za mikutano ya video, na baada ya kuongeza muda ikaweka ukomo wa 30 Septemba. Shule za msingi na sekondari za Rwanda zilianza kufunguliwa kwa awamu tarehe 2 Novemba. Zaidi ya mwezi mmoja wa kufungwa ulibaki nje ya ukarimu huo. Rusizi ilikuwa na shida ya ziada: mwezi Juni, safari baina ya mikoa ziliporuhusiwa tena, wilaya za Rusizi na Rubavu ziliachwa nje ya ruhusa hiyo.

5.3 Muda wa lugha

Kalenda ya nne haimo ukutani. Ni muda wa kujifunza lugha ya programu. Mtu aliyesoma shule Cyangugu kabla ya mwaka 2009 kwa kawaida alifundishwa kwa Kifaransa katika ngazi za juu. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na utekelezaji ukaanza mwaka uliofuata. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarejeshwa katika madarasa matatu ya mwanzo, na mwaka 2019 ikaamuliwa tena kwamba Kiingereza kitumike tangu mwanzo. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba katika duka moja baba anaweza kuijua hesabu kwa Kifaransa, binti akaijua kwa Kiingereza, na wote wawili wakafanya biashara na mteja wa Bukavu kwa Kiswahili. Mbele ya kiolesura cha Kiingereza kitupu, siku za kwanza za majaribio hutumika kujua maana ya maneno kabla ya kujua kazi ya programu. Saa ya majaribio huhesabu siku hizo kama nyingine zote. Kwa hiyo siku 14 za mtumiaji anayesoma lugha yake si sawa na siku 14 za mtumiaji anayefasiri. Mikataba ya leseni huziita kwa jina moja.

6.0 Hoja ya wanaotetea muda mfupi

Hoja ya kupinga muda mrefu si dhaifu, na inastahili kujibiwa. Hema Yoganarasimhan, Ebrahim Barzegary na Abhishek Pani walichunguza jaribio kubwa ambapo watumiaji wapya wa programu waligawiwa vipindi vya siku 7, 14 au 30. Waliopewa siku 7 walijisajili na kulipa kwa wingi kuliko waliopewa siku 30, kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 5. Maelezo yake yanaeleweka: mwenye siku nyingi huahirisha, hutumia kidogo mwishoni, na uamuzi unapofika amekwisha kusahau alichokipenda. Walimu wanaijua tabia hii kwa wanafunzi waliopewa muda mrefu wa kuandika insha.

Matokeo hayo yanapaswa kukubaliwa kwa kile yanachokipima. Yanapima idadi ya waliolipa. Hayakukusudiwa kupima kama chama cha ushirika kilichonunua kingenunua tena baada ya mavuno, wala kama mtumiaji alikuwa na njia ya kulipa. Hoja hii ya mwisho ni nzito mahali ambapo malipo ya kidijitali yamejengeka juu ya simu. MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu Rwanda mwaka 2010, na huduma za namna hiyo zimewafikia watu wengi ambao hawana kadi ya benki ya kimataifa. Mlango unaodai kadi humfungia nje mtu huyo kabla siku ya kwanza haijahesabiwa.

Kuna pingamizi la pili, ambalo halitoki kwa wauzaji. Muda mrefu una hatari yake kwa mtumiaji mwenyewe. Ushirika ulioingiza msimu mzima wa kumbukumbu ndani ya programu isiyokubali kuzitoa hauna tena nguvu ya kujadili bei. Kadiri majaribio yalivyokuwa marefu, ndivyo gharama ya kuondoka ilivyopanda. Kwa sababu hiyo, kudai siku zaidi bila kudai chochote kingine ni kudai mtego mpana zaidi.

7.0 Maelekezo kwa sera

Kutokana na uchambuzi huu, taasisi za umma na vyama vinavyonunua programu vinaweza kuongozwa na kanuni tano.

Kwanza, kipimo cha majaribio kiwe mzunguko mmoja kamili wa kazi ambayo programu inanunuliwa kuifanya: mwezi wa kodi pamoja na siku za kuwasilisha, muhula, au msimu. Kwa mizunguko mirefu, muuzaji anayeogopa kupoteza mapato anaweza kuweka ukomo wa kiasi, kwa mfano idadi ya wanachama au ankara, badala ya ukomo wa siku. Historia ya miaka ya 1990 na 2001 inathibitisha kwamba vipimo hivyo vinawezekana.

Pili, saa ianze kuhesabu pale kumbukumbu ya kwanza halisi inapoingizwa, si siku ya kujiandikisha. Kwa njia hii siku za kuielewa lugha ya programu hazitamlia mtumiaji muda wake, na hoja ya kuahirisha inapata jibu, kwa kuwa muda hupimwa kwa kazi inayofanyika.

Tatu, majaribio yasidai kadi ya benki, na baada ya muda kwisha malipo yasikatwe bila ridhaa mpya. Mahali ambapo watu hulipa kwa simu, ununuzi nao ukubalike kwa simu.

Nne, mkataba uhakikishe kwamba muda ukiisha, mtumiaji ataendelea kuzisoma data zake na kuzitoa katika muundo unaosomeka na programu nyingine, kwa kipindi kisichopungua kile cha majaribio. Rwanda ina msingi wa kisheria wa kuanzia katika Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Sheria hizi zinamlinda mtu binafsi. Kumbukumbu za biashara na za ushirika zinahitaji kulindwa na mkataba wa ununuzi wenyewe.

Tano, taarifa ya ukomo, bei na namna ya kujiondoa itolewe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, hata pale programu yenyewe haijatafsiriwa. Kutafsiri programu nzima ni kazi ya miaka, kama Kilinux ilivyoonesha. Kutafsiri kurasa mbili za masharti ni kazi ya siku chache. Baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mfanyabiashara wa Kamembe na mteja wake wa Bukavu wamo ndani ya jumuiya moja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kusanifisha istilahi chache za msingi, zikiwemo kipindi cha majaribio, ukomo, usajili, leseni na kujiondoa, ili zimaanishe jambo lilelile pande zote mbili za mto.

8.0 Hitimisho

Swali la muda wa majaribio ya bure limejibiwa kwa miongo minne na yule mwenye uwezo wa kuhesabu. Disketi ilipokuwa haihesabiki, muda haukuwa na mwisho. Kompyuta ilipoweza kuhesabu, ukawa mwezi. Kadi ilipoweza kukatwa kwa mbali, ukawa wiki. Kalenda za Rusizi zinaonesha kwamba hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo vya siku kinachomfikisha mfanyabiashara kwenye robo mwaka yake ya kodi, mwalimu kwenye ripoti yake, au mkulima wa mpunga kwenye mavuno yake. Jibu la makala hii si idadi mpya ya siku. Ni kwamba muda upimwe kwa kazi iliyokamilika, na anayeondoka aondoke na kilicho chake. Msemo wa mgeni na jembe unakubali kwamba bure ina mwisho, lakini humkabidhi mgeni jembe mahali alipokwisha kuliona shamba. Mnunuzi wa programu naye anastahili kuliona shamba, walau kwa msimu mmoja, kabla ya kulikamata jembe.